Mwenye programu akistaafu: namna ya kuokoa vipimo vyako vya spika na kuhamia programu nyingine

Maswali ni yaleyale, yawe yametoka kwa kijana anayetengeneza maboksi ya spika Mwanjelwa, Mbeya, au kwa fundi mitambo wa kanisa kule Kihesa, Iringa: "Fundi, nimesikia mwenye programu ya kupimia spika ameistaafisha. Itazimika? Vipimo vyangu vya zamani vitafunguka? Nihamie wapi?" Nimeona heri niyajibu kwa pamoja, hatua kwa hatua, ili atakayeuliza kesho awe na pa kuanzia.

Jibu la haraka: haizimiki. Programu ya kupimia sauti ambayo tayari imo kwenye laptopu yako na inafanya kazi bila intaneti itaendelea kufanya kazi kama jana. Kinachokoma ni marekebisho, majibu ya barua pepe na, siku moja, hata mahali pa kuipakua. Huna sababu ya kukimbia, lakini usilale.

Jambo moja ulielewe kabla hatujaanza. Nyingi ya programu hizi ni kazi ya mtu mmoja. ARTA, pamoja na ndugu zake STEPS na LIMP, imetoka mikononi mwa Ivo Mateljan wa Kroatia. REW, nayo ya kupimia sauti, ni ya John Mulcahy. VituixCAD, ambayo wengi tunaitumia kupanga krosova (saketi inayogawa sauti kati ya wufa ya besi na twita ya sauti za juu), ni ya Kimmo Saunisto wa Ufini. Hakuna kampuni ya ghorofa kumi nyuma yake. Ni mtu na meza yake, na mtu huchoka na huzeeka. Watu hawa wametuwezesha sisi mafundi wa Nyanda za Juu Kusini kupata vipimo ambavyo zamani vilihitaji mashine za maabara, na mimi nawaheshimu sana kwa hilo. Kwa hiyo utakachokifanya leo kwa sababu ya programu moja, kifanye kwa namna ambayo hata hiyo utakayohamia ikistaafu, vipimo vyako vitabaki kuwa vyako.

Humu natumia ARTA kama mfano wa programu ya zamani na REW kama ya kuhamia. Kama yako ni nyingine, hatua hazibadiliki.

ANDAA HIVI KWANZA

- Laptopu yenye programu ya zamani, ikiwa bado inafanya kazi. Usiipige fomati wala usimwachie mtu "aisafishe".
- Flashi mpya mbili, au diski ya nje na flashi moja.
- Maiki ya kupimia pamoja na faili lake la kalibresheni (linalosahihisha kasoro za maiki hiyo). Maiki ya kuimbia haifai hapa, hata iwe ya bei gani.
- Kadi ya sauti ya nje yenye njia mbili za kuingiza sauti, na swichi ya volti 48 kama maiki yako inahitaji.
- Spika moja ya rejea: ndogo, nzima, ya kwako. Isiuzwe, isiazimwe, isifunguliwe.
- Rizista mbili za omu 10 zenye usahihi wa asilimia 1, na multimita.
- Futi ya kupimia, kipimajoto cha ukutani na daftari.
- Siku isiyo na mvua. Chini ya bati, mvua ya Mbeya inameza kila kitu, na kati ya Novemba na Aprili utalazimika kuviziavizia asubuhi.

HATUA

1. Hifadhi faili la kusakinishia leo, si kesho.

Tafuta faili lenyewe ulilosakinishia programu, kitabu cha maelezo cha PDF, na ile barua pepe yenye namba ya leseni. Vyote weka kwenye folda moja. Leseni ndiyo watu wengi hupoteza, kwa sababu ilitumwa zamani kwenye barua pepe ambayo nywila yake imesahaulika. ARTA isiyowekewa namba hufanya kazi kwa majaribio tu, haihifadhi mafaili. Kwa hiyo faili la kusakinishia bila namba ni nusu ya mali.

Kama huna faili, lipakue kwa mtengenezaji mwenyewe wakati ukurasa wake bado uko hewani. Usichukue kwenye tovuti za kugawa programu za kila mtu, na usikubali toleo "lililovunjwa". Ukiwa hapo, mwandikie mistari miwili ya kumshukuru. Haigharimu kitu, na anastahili.

Onyo: flashi iliyopita stesheneri usiitumie kwa kazi hii. Sote tunavijua vile virusi vinavyogeuza folda zako kuwa njia za mkato. Tumia flashi mpya, na baada ya kunakili fungua dirisha la amri la Windows uandike:

certutil -hashfile jina_la_faili.exe SHA256

Itatokea namba ndefu. Iandike daftarini au kwenye simu. Siku utakapolihitaji tena faili hilo, rudia amri. Namba ikilingana, faili halijaguswa.

2. Jaribu kusakinisha kwenye kompyuta nyingine.

Azima laptopu ya mwenzako, chomeka flashi, sakinisha, weka namba, fungua kipimo kimoja cha zamani. Ikigoma, ni afadhali igome sasa ambapo laptopu yako bado ipo na unaweza kutazama ulikosa nini.

3. Tuliza laptopu ya zamani.

Andika toleo la Windows, jina la draiva ya kadi ya sauti na toleo lake, na uhifadhi faili la draiva hiyo pia. Kisha izime intaneti kwenye mashine hiyo. Mara nyingi kinachoua programu ya zamani ni draiva iliyobadilika usiku bila wewe kujua, huku programu yenyewe ikiwa haijaguswa.

Wengine huuliza kuhusu kuendesha Windows ya zamani ndani ya kompyuta mpya kama mashine pepe. Kwa kufungulia mafaili, sawa. Kwa kupimia, hapana, maana muda wa sauti huyumba, na kipimo cha fezi (mpishano wa mawimbi ya sauti kwa muda, kwa digrii) kinachoyumba hakikusaidii lolote.

4. Piga picha mipangilio yote.

Fungua kila ukurasa wa mipangilio na upige picha ya skrini: kiwango cha sampuli (kwa kawaida 48,000 kwa sekunde), urefu wa kipimo, usikivu wa maiki kwa milivolti, njia ipi ni ya maiki na ipi ni ya rejea, na faili gani la kalibresheni limewekwa. Ni dakika chache tu.

5. Toa vipimo vyako vyote kwenye fomati zisizo za mtu.

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo kazi ya miaka hupotea.

Kila programu ina fomati yake. ARTA huhifadhi impalsi (rekodi ya namna spika inavyojibu mdundo mmoja mfupi) kwa faili la .pir, LIMP huhifadhi impidansi (ukinzani wa spika kwa kila masafa) kwa .lim, REW ina .mdat. Mafaili hayo yatunze jinsi yalivyo, ila usiyategemee peke yake. Pamoja nayo, toa nakala hizi:

a) Impalsi yenyewe kwa WAV kama programu inaruhusu, au kwa maandishi. Ukichagua WAV, chagua biti 32 badala ya 16.

b) Mwitikio wa masafa kwa FRD. Hili ni faili la maandishi la safu tatu: masafa, kiwango kwa desibeli, na fezi kwa digrii. Ukilifungua kwa Notepad unasoma mwenyewe kwa macho. REW inalipokea, VituixCAD inalipokea.

c) Impidansi kwa ZMA. Nalo ni safu tatu, ila ya pili ni omu.

Kosa kubwa: kutoa FRD peke yake na kufuta impalsi. FRD tayari imepitia dirisha la muda, yaani kipande cha impalsi ulichochagua kubakiza siku ile. Kama ulikata vibaya na mwangwi wa sakafu ukaingia, huwezi kuutoa tena. Impalsi ndiyo inayokuruhusu kurudi na kukata upya.

Kosa la pili: kutoa grafu ikiwa imelainishwa. Zima ulainishaji kwanza. Kulainisha utafanya baadaye wakati wowote. Kurudisha kilicholainishwa haiwezekani.

Kosa la tatu ni majina. "test1", "mpya", "mpya kabisa", "mwisho" hayatakuambia kitu mwakani. Andika hivi: wufa12_boksiA_m1_digrii0, kisha wufa12_boksiA_m1_digrii15, na kuendelea. Pembeni weka faili dogo la maandishi: mahali, urefu wa spika kutoka sakafuni, umbali wa maiki, nyuzi joto, amplifaya iliyotumika.

Ukimaliza, nakili kwenye flashi ya pili na uitunze nyumba nyingine. Umeme wa radi wa huku tunaujua. Kilichochomekwa ukutani na kilicho pembeni yake huweza kwenda pamoja.

6. Sakinisha programu mpya na uipe kalibresheni.

REW ni ya bure na inakubali Windows, macOS na Linux. Ndani yake fanya mambo mawili kabla ya kitu kingine chochote. Kwanza, pakia faili la kalibresheni la maiki yako, lilelile ulilotumia kwenye programu ya zamani. Pili, pima kadi yenyewe: chomeka waya wa luupu kutoka tundu la kutoa sauti hadi tundu la kuingiza, uiache programu ijue tabia ya kadi.

Onyo: kadi nyingi ndogo zina swichi moja ya volti 48 kwa njia zote mbili. Waya wa luupu uchomeke kwa jeki kubwa ya laini, usipite XLR.

Luupu hiyo usiitoe baada ya kalibresheni. Iache kwenye njia ya pili iwe rejea ya muda unapopima spika. Bila hiyo hutajua wufa na twita zinapishana kiasi gani, na krosova utaipanga kwa kubahatisha.

7. Pima spika ya rejea kwa programu zote mbili, siku moja, bila kugusa kitu.

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke. Hakuna njia nyingine ya kujua kama programu mpya inasema kweli.

Weka spika ya rejea juu ya stendi, twita iwe mita 1.5 kutoka sakafuni, maiki urefu uleule, umbali wa mita 1. Kuta ziwe mbali zaidi ya sakafu. Ukumbi wa kanisa siku ya kazi ni mahali pazuri. Laptopu iendeshwe kwa betri yake, ule mngurumo wa umeme unaopitia waya wa ardhi ukae mbali. Kama jirani amewasha jenereta, subiri.

Sasa hesabu dirisha lako la muda. Sauti ya moja kwa moja inasafiri mita 1. Inayogonga sakafu inasafiri karibu mita 3.16. Tofauti ni mita 2.16, na kwa mwendo wa mita 343 kwa sekunde hiyo ni milisekunde 6.3. Kata hapo kabla mwangwi haujaingia. Gawa 1 kwa 0.0063, unapata karibu 160: chini ya 160 Hz usiiamini grafu hiyo. Ukiwa mvivu ukaiweka spika juu ya stuli fupi, twita na maiki zikawa sentimeta 75 kutoka sakafuni, muda unashuka hadi milisekunde 2.3 na unaanza kuamini kuanzia karibu 430 Hz. Stendi ndefu inalipa.

Pima kwa programu ya zamani. Usisogeze maiki, usiguse kitasa cha sauti. Funga, fungua mpya, pima tena kwa dirisha lilelile. Toa FRD mbili, zilaze juu ya mwenzake. Mistari ikitofautiana kwa kiwango tu, yaani mmoja uko juu ya mwingine sawasawa kote, ni suala la kalibresheni ya kiwango, siyo kosa. Ukiisha kusawazisha, tofauti isizidi nusu desibeli sehemu unayoiamini. Umbo likiwa tofauti, rudi hatua ya 6.

Na hapa kuna jambo la huku kwetu ambalo vitabu vya wenzetu havilisemi. Mwendo wa sauti hufuata joto. Asubuhi ya Julai Mbeya ikiwa nyuzi 10, sauti inakwenda karibu mita 337 kwa sekunde. Mchana ikifika nyuzi 24, inakwenda karibu 346. Kwa mita moja tofauti ni milisekunde 0.07 hivi. Inaonekana ndogo, lakini kwenye 2,500 Hz hizo ni zaidi ya digrii 60 za fezi. Ukipima wufa asubuhi na twita baada ya chakula cha mchana, krosova yako imeshaharibika kwenye karatasi. Pima zote ndani ya saa moja na uandike joto.

Twita tupu isiyo na krosova usiipe mlio unaoanzia 20 Hz. Anza 500 Hz na sauti ndogo, na uwe umeiwekea kapasita ya kuilinda.

8. Hamisha impidansi.

Pima rizista zako kwa multimita na uingize kwenye programu thamani halisi ya ile itakayokuwa rejea, usiingize iliyoandikwa. Fanya kalibresheni, kisha ipime ile rizista ya pili kana kwamba ni spika. Unatakiwa kuona mstari ulionyooka kwenye omu 10 kuanzia besi hadi juu. Ukipanda au kushuka pembeni, nyaya au kalibresheni vina tatizo. Baada ya hapo ndipo upime wufa.

Onyo kali: amplifaya nyingi za kisasa, na za magari hasa, waya zote mbili za spika zina umeme. Ukiunga ardhi ya kadi ya sauti kwenye waya hasi wa amplifaya ya namna hiyo, unaweza kuunguza vyote viwili. Tumia tundu la hedifoni la kadi yenyewe. Linatosha kwa kazi hii.

9. Tembea na zote mbili kwa muda.

Kazi mbili tatu za mwanzo zipime kwa zote. Kisha ya zamani iache kwenye laptopu yake tulivu. Sioni ubaya wowote kuendelea kuitumia kwa jambo inalolifanya vizuri. LIMP kwa mfano ni nyepesi na haina mbwembwe. Kitu kisichofaa ni kuitegemea bila kuwa na njia nyingine.

UKIKWAMA

FRD haifunguki, au namba zote ni sifuri. Ifungue kwa Notepad. Ukiona koma mahali pa nukta, Windows yako iliwekwa kwenye mpangilio wa nchi inayotumia koma kwa desimali. Badilisha mpangilio na utoe upya, au badili koma kuwa nukta ndani ya faili. Wakati mwingine mistari ya juu ya maelezo ndiyo inayosumbua. Ifute kwenye nakala, siyo kwenye faili mama.

Fezi inazunguka kama imechanganyikiwa. Luupu haijachaguliwa kuwa rejea ya muda, au programu ya zamani ilianza kuhesabu muda mahali pengine. Kama wufa na twita vyote vilitolewa kwa mwanzo uleule, tofauti kati yao bado ni sahihi na unaweza kuendelea.

Sauti haiingii kabisa kwenye programu mpya. Angalia kama ya zamani bado iko wazi nyuma. Draiva ya ASIO (inayoiunganisha programu moja kwa moja na kadi ya sauti) mara nyingi hukubali programu moja tu kwa wakati. Ifunge, uwashe kadi upya.

Kiwango cha sauti ni kidogo kuliko karatasi ya kiwanda, kama desibeli moja na nusu hadi mbili. Usilaumu programu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na koni inayosukuma hewa nyepesi hutoa sauti ndogo kwa mwendo uleule. Iringa nayo iko juu, tofauti haiko mbali na hiyo.

Vas (ujazo wa hewa wenye ulegevu sawa na wa koni ya spika) inatofautiana sana kati ya programu mbili. Hili limewatesa vijana wengi. Tazama njia iliyotumika. Kwa njia ya boksi lililofungwa, programu inalinganisha spika na hewa halisi iliyomo ndani ya boksi, na kwa Mbeya shinikizo la hewa ni karibu hektopaskali 825 badala ya 1013 la usawa wa bahari, kwa hiyo Vas inatoka pungufu kwa karibu moja ya tano. Kwa njia ya kuongeza uzito kwenye koni, programu hupata ulegevu wa koni kisha huzidisha kwa hewa ya usawa wa bahari iliyo kwenye hesabu zake, na namba inatoka kubwa, karibu na ya kiwandani. Wufa ya lita 100 kiwandani inaweza kukuonyesha 81 kwa njia ya kwanza. Ili kulinganisha programu mbili, tumia njia moja kwa zote. Na kama boksi litapigiwa huku huku juu, jenga kwa namba ya boksi lililofungwa. Kama linapelekwa kwa mteja Dar es Salaam, jenga kwa ile nyingine.